Mahali pa Kuzaliwa

Watu wa Mchikichini walimjua Josepha Nandonde kwa kazi ya mikono yake. Suruali ya mitumba ikitoka kwenye belo pana kama shuka, ukimpelekea asubuhi, saa sita unaivaa kama ilishonwa kwa ajili yako. Alikaa na cherehani yake kwenye korido ya wauza jinzi, juu ya kiti cha plastiki kilichokatika egemeo, miwani imeshuka puani na pini zimebanwa mdomoni, kiasi kwamba wateja walishazoea kujibiwa kwa kichwa. Wenye umri wake walimwita Mama Vicky. Vijana walimwita fundi. Alikuwa na miaka hamsini na nne, mjane, mpangaji wa chumba kimoja Ilala kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemjua kwa jambo lingine lolote. Mwenyewe ndivyo alivyotaka.

Redio zilianza kusema habari za kusajili laini za simu kwa alama za vidole tangu katikati ya mwaka 2019, na Josepha aliziacha zipite kama anavyoacha yapite matangazo ya sabuni. Ilipofika Desemba ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu yake mwenyewe. Ndugu mteja, laini yako haijasajiliwa. Ndugu mteja, fika na namba yako ya kitambulisho cha Taifa. Baada ya Krismasi wakaongeza muda hadi tarehe ishirini Januari, na baada ya hapo, walisema, laini ambayo haijasajiliwa itazimwa.

"Mama Vicky, wewe umeshasajili?" aliuliza Najma. Najma aliuza nguo za watoto kwenye meza iliyopakana na cherehani, na walikuwa wameshinda pamoja pale miaka kumi na minane.

Josepha akatoa pini mdomoni. "Bado."

"Unangoja nini? Mimi nimepanga foleni siku tatu pale shuleni, nikapata namba. Kadi yenyewe watanipa wakitaka. Kesho nikupeleke?"

"Kazi za sikukuu nyingi."

"Sikukuu imepita, Mama Vicky."

Siku mbili baadaye Najma akamletea fomu. Alifikiri anamsaidia. Josepha aliishika kwa vidole viwili, akaisoma akiwa amesimama. Jina lako. Jina la baba, jina la mama. Babu na bibi. Na pembeni ya kila jina palikuwa na nafasi ya kujaza: mahali pa kuzaliwa, kijiji, kata, wilaya, mkoa. Akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya droo ya cherehani chini ya bobini, kisha akakaa. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukamshinda. Mteja aliyekuwa akisubiri kaptura yake akamtungia.

Josepha alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nyanda za juu za Wamakonde wa kule Msumbiji. Mwaka wa sitini na saba, vita ikiwa imepamba moto, mama yake, Klara, alimfunga mgongoni akavuka naye mto. Baba yake, Simoni, alitangulia na jembe na mkeka. Josepha alikuwa na miaka miwili na hakukumbuka chochote, si mto wala kijiji wala uso wa bibi aliyebaki. Wakaenda hadi mashamba ya mkonge ya Lindi, baba akakata mkonge mpaka mapafu yakamshinda, akazikwa huko huko. Na Klara, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, akamfundisha mwanawe somo moja kila wakati walipokuwa peke yao wanatwanga au wanachambua mboga.

"Umezaliwa wapi?"

"Kitaya."

"Kitaya ipo wapi?"

"Mtwara, upande huu wa mto."

"Upande upi?"

"Huu."

Alilisema hilo kanisani alipofunga ndoa na mume wake wa Newala. Alilisema alipoandikishwa kupiga kura, mwandikishaji akaandika bila kuinua kichwa. Mwaka 2012, makarani wa sensa walipopita, alilisema tena, wakashukuru na kuondoka, na Josepha hakuweza kula kwa siku mbili. Katikati ya miaka ya tisini, katika nyumba ya tatu kutoka kwake, kulikuwa na fundi viatu mmoja, Mmakonde kama yeye, mtu wa mzaha na ulanzi kidogo. Siku moja mchana walikuja watu wawili na karatasi, wakamuuliza makaburi ya babu zake yapo wapi. Alitoka nao akiwa amebeba kandambili zake mkononi, kwa haraka ile. Hakuonekana tena Ilala. Wengine walisema amerudishwa kwao, wengine walisema amehamia tu Mbagala kwa mwanamke mwingine. Josepha, aliyekuwa dirishani na Victoria mdogo kiunoni, hakuwahi kuuliza ipi ni kweli, kwa sababu anayeuliza huulizwa.

Klara alifariki mwaka 2003. Siku za mwisho alikuwa hasemi mengi, ila alimvuta binti yake karibu akamwambia kwa Kimakonde: ukilisema lile hutaumia peke yako, utamuumiza na mtoto.

Mtoto alikuwa Victoria. Sasa alikuwa muuguzi wa zahanati huko Nachingwea, mwajiriwa wa serikali, na kwenye fomu zake zote za ajira aliandika kwa hati yake nzuri kwamba mama yake mzazi alizaliwa Kitaya, Mtwara. Hakujua kitu. Alipiga simu kila siku ya Mungu, saa saba mchana wagonjwa wakipungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Umeshaenda kujiandikisha?"

"Nitaenda."

"Mama, watakuzimia simu. Nitakupataje?"

"Nimesema nitaenda."

Hakwenda. Foleni ya wanaojiandikisha ilizunguka ukuta wa shule iliyokuwa njiani kwake, na kila asubuhi Josepha alivuka barabara ili asipite karibu nayo. Aliwaona watu wamebeba vyeti kwenye mifuko ya nailoni, wengine wamekaa juu ya ndoo, wanacheka, wanagombana nani ametangulia. Walikuwa wamechoka, lakini hakuona woga kwa yeyote. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alihisi kwamba katika jiji lote yeye peke yake ndiye mwenye sababu ya kuogopa meza ile, na kwamba sababu hiyo inaonekana usoni.

Kumbe alikuwepo mtu mwingine aliyeipinga meza ile, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Huyo alikuwa Mzee Abdulhamid, karani mstaafu wa reli, aliyeishi nyumba mbili kutoka kwa Josepha. Alikuwa na miaka sabini na sita na hati ya mkono nzuri kiasi kwamba watu walimpelekea barua zao aziandike upya. Jioni moja ya mwanzo wa Januari, jua bado lipo, Josepha alimpelekea kanzu aliyokuwa amemkunjia pindo, akamkuta barazani na karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Kaa. Nisikilize hili, uniambie kama linasikika vizuri."

Akasoma. Ilikuwa barua kwa mkuu wa wilaya, kupitia mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya kata. Ilisema kwamba wananchi waliotia saini hapa chini hawapingi kuwepo kwa vitambulisho, bali wanapinga kulazimishwa, na hasa kulazimishwa kwa njia ya kunyimwa mambo ambayo mtu hawezi kuishi bila hayo.

"Lakini wewe kadi unayo," Josepha alisema.

"Ninayo tangu 2013, ipo humu ndani." Akagonga mfuko wa shati. "Mimi hawanipunguzii kitu. Ila nimekaa masjala ya reli miaka thelathini na moja, mama. Nimeona mtu anakosa kiinua mgongo kwa sababu faili lake limeandika Juma na yeye anaitwa Jumaa. Mtu amesimama mbele yako, unamjua, umekula naye, na faili linasema si yeye. Ukishafanya kila kitu kipite kwenye faili, basi yule ambaye faili lake lina kasoro amekwisha. Ndicho ninachokipinga. Wengine wananiambia nimezeeka vibaya."

Josepha aliitazama kanzu magotini kwake. Hakukusudia kusema kitu. Maneno yalitoka tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiuliza peke yake.

"Kwani mzee, mtu akitaka kuongea na mwanawe, lazima kwanza aseme alizaliwa wapi?"

Mzee Abdulhamid alimwangalia kidogo. Hakumuuliza kwa nini ameuliza hivyo. Akachukua kalamu, akaandika chini ya aya ya tatu: Tunauliza, je, ni haki mzazi asiruhusiwe kuzungumza na mwanawe mpaka kwanza aeleze alizaliwa wapi? Akamsomea. Kisha akageuza karatasi ya saini kuelekea upande wake.

Josepha alitia saini. Alikuwa na hasira, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na hasira juu ya jambo lile badala ya woga, na mkono wake ukaandika jina lote, Josepha Simoni Nandonde, kama shuleni. Hasira ilidumu mpaka alipofika kwenye mlango wa chumba chake. Hapo ndipo alipotambua kwamba ameweka jina lake mwenyewe kwenye karatasi inayokwenda serikalini, kwenye aya inayozungumzia mahali pa kuzaliwa. Alirudi mbio hadi kwa mzee kuomba alifute. Mzee alikuwa amekwenda kuswali, na barua ilikwenda kwa mwenyekiti asubuhi iliyofuata, ikiwa na majina sitini na matatu.

Siku zilizofuata kazi ilimharibikia. Alikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Kila shati jeupe lililojitokeza mwisho wa korido lilimfanya abane pini kwa meno. Hata usingizi ukawa wa vipande vipande.

Alhamisi tarehe kumi na sita alikwenda kuchota maji ya kunywa. Aliporudi, Najma alimsogelea.

"Kuna watu wawili wamekuulizia. Fundi Josepha Nandonde, wamelitaja lote. Wamevaa vizuri, mmoja ana bahasha ya kaki. Nimewaambia unarudi sasa hivi."

"Wamesema wanataka nini?"

"Hawakusema. Mama Vicky, unaumwa?"

Josepha aliweka chupa ya maji chini ya cherehani. Akachukua mkoba wake, akaifunika mashine kwa kitambaa na kuondoka kwa upande wa nyuma, kati ya marundo ya viatu, akiinamisha kichwa kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Akavuka Karume, akashika Mtaa wa Msimbazi kuelekea Kariakoo, akijiambia asikimbie, kwani mwanamke wa umri wake akikimbia watu humwangalia. Kariakoo ilikuwa imejaa kama kawaida, mikokoteni, mizigo vichwani, wapiga debe wa vyombo vya plastiki. Siku nyingine msongamano ule ulimchosha. Siku ile aliupenda. Akaingia katika duka la vifaa vya ushonaji alikozoea kununua zipu, akasimama mbele ya kaunta bila kujua amekuja kufanya nini. Muuzaji akamuuliza leo anataka rangi gani. Akasema nyeusi. Akatoka na uzi mweusi ambao hakuuhitaji.

Alifikiria kupanda basi aende Mtwara, lakini tiketi huandikwa jina, na Mtwara ndiko kwenyewe kwenye mto. Alifikiria Mbagala. Hakuwa na mtu Mbagala. Mwisho miguu ilimfikisha Mnazi Mmoja, akakaa kwenye ukingo wa saruji kivulini, mkoba magotini, akashindwa kusogea. Simu ikalia. Saa saba.

"Shikamoo mama. Zimebaki siku nne. Leo usiniambie nitaenda."

"Vicky."

"Abee."

"Mimi sikuzaliwa Kitaya."

Upande wa pili alisikia mtoto wa mtu analia, kisha mlango unafungwa na kilio kinabaki mbali.

"Unasema?"

Josepha alimweleza. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyowahi kufikiri: mto, mgongo, mkonge, somo la bibi. Miaka yote ile alidhani ni habari ndefu.

"Kwa nini unaniambia kwenye simu?" Victoria aliuliza.

"Kwa sababu simu itazimwa."

"Mimi nimeandika Kitaya, mama. Kwa mkono wangu. Nikatia saini kwamba niliyoyaandika ni kweli."

"Najua."

"Hujui. Hapa watu wanafukuzwa kwa kughushi hata cheti cha darasa la saba. Hujui, mama." Sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia asisikike na walio nje. "Ungeniambia kabla. Ningepiga hata kistari pale, nisiandike kitu."

Akakata. Josepha alikaa palepale mpaka jua lilipohama na kumfikia. Alikuwa ameogopa miaka hamsini kwamba siku akilisema lile atachukuliwa na watu. Hakuwahi kuogopa kwamba mwanawe atakata simu, na sasa aliona kwamba hilo lilikuwa baya zaidi.

Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa mtaa, Fikirini, alipiga hodi mwenyewe chumbani kwake. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwenye kupenda utani. Siku hiyo hakutania. Alisimama mlangoni akijipangusa shingo.

"Shikamoo mama. Jana tulikukosa sokoni. Ni wale wa kata, walikuwa wanagawa barua za wito. Wote mliotia saini mnatakiwa Jumatatu saa tatu."

"Wito wa nini?"

"Kujieleza." Akashusha sauti. "Na mimi naitwa. Barua ilipita kwangu nikaigongea muhuri bila kuisoma. Mzee Abdulhamid ananiletea barua kila mwezi, ya mtaro, ya taa, nikajua ni zilezile. Mama Vicky, wewe una namba?"

"Sina."

"Basi Jumatatu usiseme mengi," alisema Fikirini, naye akaondoka akiwa amesahau kumkabidhi ile barua ya wito. Ilibidi arudi.

Jumamosi Victoria hakupiga. Jumapili Josepha alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akakaa na simu mapajani kama mgonjwa anayeshika chupa ya maji ya moto. Ilipolia ilikuwa saa tisa alasiri.

"Mama." Hakumwamkia. "Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Sijui la kukuambia. Ukienda kesho ukisema Kitaya, itabidi na mimi niseme Kitaya maisha yangu yote. Halafu nikizaa, nitamfundisha na mwanangu."

"Kwa hiyo niseme?"

"Sijui. Ukisema, usinitaje. Wakikuuliza kama una mtoto, nitaje. Usidanganye juu yangu. Naogopa, mama."

"Na mimi."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

Jumatatu, kati ya watu sitini na watatu, walifika kumi na mmoja. Mzee Abdulhamid alikuja na fimbo. Waliingizwa katika chumba chenye meza moja ndefu. Nyuma yake walikaa mtendaji wa kata, mwanamume mwenye shati la mikono mifupi ambaye hakutambulishwa, na mwanamke kijana mwenye kompyuta na daftari. Barua ilikuwa mezani. Aya ya tatu ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Nani ameandika?" aliuliza yule wa shati.

"Mimi," alisema Mzee Abdulhamid. "Hati ni yangu."

"Wewe una kitambulisho?"

"Hiki hapa."

"Sasa mtu mwenye kitambulisho analalamika nini? Hili la mzazi na mahali pa kuzaliwa, wewe limekuhusu vipi? Ulizaliwa wapi?"

"Gerezani, hapo chini tu. Nyumba imevunjwa, lakini mtaa upo."

"Basi umemwandikia mtu mwingine. Nani?"

"Nimejiandikia mwenyewe. Nimefikiri tu, kwa umri wangu."

"Mzee, kuna mtu hapa hana uhalali wa kukaa nchini na wewe unamjua, unamficha kwenye barua. Unafahamu hilo ni kosa gani?"

Jasho lilimtiririka Mzee Abdulhamid kutoka kwenye kofia hadi sikioni na hakulifuta. Hakugeuza kichwa kuelekea alikokaa Josepha, hata kidogo, na kwa jinsi alivyojilazimisha kutogeuka Josepha alijua kwamba mzee alikuwa ameelewa kila kitu tangu siku ile ya baraza.

Baadaye alipomsimulia Victoria, alisema hakukumbuka kusimama. Alikumbuka tu kwamba kiti kilikwaruza sakafu na watu wote wakamtazama.

"Maneno yale ni yangu," alisema. "Mzee aliyaandika tu. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Mama alinileta mgongoni. Namba sina, sijaenda kuiomba, kwa sababu fomu inauliza, na mimi sikutaka kuandika uongo tena, na kuandika ukweli niliogopa."

Watu wawili waliokuwa karibu naye walisogeza viti, kidogo tu, kama wanaompisha. Yule mwanamke kijana ndiye aliyeanza kuandika.

"Mwaka gani, mama?"

"Sitini na saba. Mama alisema ulikuwa mwaka wa vita."

"Una ndugu huko?"

"Bibi tu, naye atakuwa ameshakufa. Wengine sijui hata jina la mmoja."

"Una watoto?"

Josepha alishika ukingo wa kiti cha mbele yake. "Mmoja. Muuguzi. Baba yake mtu wa Newala. Yeye alikuwa hajui, nimemwambia Alhamisi."

"Umewahi kupiga kura?" aliuliza yule wa shati.

"Mara tano."

"Unajua ulifanya nini?"

Josepha akaombwa kadi ya mpiga kura, akaitoa mkobani, ikawekwa juu ya ile barua. Kisha walinong'onezana mezani kwa muda uliomtosha Josepha kuona chumba chake Ilala kimefungwa kufuli na cherehani yake inabebwa na watu asiowajua. Mwisho yule mwanamke alimwambia arudi Alhamisi na watu wawili waliomfahamu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, faili lifunguliwe. Akamwambia anaweza kwenda. Josepha alibaki amesimama. Ikabidi aambiwe tena.

Nje, Mzee Abdulhamid alikaa kwenye ngazi akavua kofia. "Ningekaa kimya mpaka kesho," alisema. "Haikuwa lazima."

"Najua, mzee."

"Nilikuwa naogopa kama mtoto."

Siku iliyofuata, simu yake ilionyesha kwamba hakuna mtandao. Sokoni habari ilikuwa imeshafika. Alipomuomba Najma awe shahidi, Najma alikunja na kukunjua kaptura moja mara nyingi. "Mama Vicky, mimi nina watoto wanne," alisema, na wiki nzima akawa anageuzia meza yake mgongo. Shahidi akawa mzee Abdulhamid, na wa pili mama mwenye nyumba, Zulekha, ambaye alijibu maswali yote kwa sentensi moja, kwamba huyu mwanamke amelipa kodi yake na amemzika mumewe yeye Zulekha akiona kwa macho yake, na kama wanataka kujua zaidi wamuulize mwenyewe. Wiki ya pili, saa saba mchana, Najma aliinuka, akaweka simu yake mwenyewe juu ya cherehani bila kumtazama. "Vicky yupo hewani," alisema. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila siku.

Barua haikujibiwa kamwe. Mzee Abdulhamid aliambiwa asikusanye tena majina ya watu, na hakukusanya. Alifariki mwaka 2021 kwa kifua.

Faili la Josepha lilipelekwa ofisi moja, likahamia nyingine. Aliitwa mara tano katika miaka mitatu. Kila alipoitwa alifunga kikoba chenye kanga safi, sabuni, rozari na dawa zake za presha, akamkabidhi Zulekha ufunguo, kwa kuwa hakuwa na hakika ya kurudi. Mara zote tano alirudi. Victoria naye aliitwa na mwajiri wake mara moja, akaeleza, akaambiwa kwamba kwa kuwa baba yake ni wa Newala arekebishe tu ile fomu. Alitoka ofisini akatapika nyuma ya jengo, kisha akarudi zahanati.

Mwaka jana waliandika kwamba Josepha anaweza kuomba uraia kwa utaratibu wa kawaida, na kwamba hatua ya kwanza ni kutoa alama za vidole. Hajaenda. Akiulizwa anasema anafikiri. Hasemi kwamba anakataa, na hasemi kwamba anaogopa, ingawa Zulekha anadai ni yote mawili.

Pasaka iliyopita Victoria alikuja Ilala na mtoto wake wa kike wa miezi minane. Walikaa chini kwenye mkeka uani, asubuhi, wanachambua mchicha, na Victoria akamwambia amsimulie kila alichowahi kusikia kwa bibi kuhusu kule. Josepha alisema ni kidogo. Akaanza: kwamba nyumba yao ilikuwa juu kabisa, maji yakifuatwa bondeni nusu siku, kwamba bibi aliyebaki aliitwa Namwera, kwamba usiku wa kuvuka Klara alimtia mwanawe kipande cha muhogo mdomoni asilie. Hapo hodi ikapigwa mlango wa mbele na sauti ya kiume wasiyoifahamu. Josepha akanyamaza. Mkono wake ulibaki hewani na jani la mchicha, na Victoria aliona rangi ya midomo ya mama yake ikibadilika. Walimsikia Zulekha anazungumza na mtu yule, wakasikia kwamba anatafuta nyumba ya fundi bomba na kwamba ameelekezwa nyumba ya pili. Hatua zikaondoka.

Josepha alingoja kidogo tena. Kisha akalitupa jani bakulini.

"Basi akanitia muhogo mdomoni," alisema, "tukaingia majini."